Ameiba nini aliyesema geimu ni mbovu?

Msikilizaji mpenzi, Jumamosi iliyopita mvua ilinikuta karibu na stendi ya hapa Tukuyu. Wenyeji wa Rungwe mnaijua mvua yetu: haibishi hodi, na ikishaingia haina haraka ya kuondoka. Nikajibanza katika kibanda cha geimu kilichokuwa karibu. Ndani mlikuwa na televisheni nne, mabenchi ya mbao na vijana wapatao kumi na watano wamebanana, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kushika pedi. Mwenye kibanda, kijana wa miaka ishirini na kitu, alinipisha kiti, akaniamkia, na alipoitambua sauti yangu ya redioni akasema ana jambo la kunieleza.

Akatoa CD kwenye droo. Alikuwa ameinunua Mwanjelwa, Mbeya, kwa fedha alizodunduliza tangu msimu wa parachichi za mama yake. Kabla ya kununua alifanya kama mtu mwenye akili anavyopaswa kufanya, yaani aliuliza. Aliangalia kwenye simu video za watu watatu wanaocheza geimu na kuzieleza, na wote watatu waliisifu. Alipoifikisha Tukuyu na kuiweka mashineni, mashine ikamwambia kwamba bila kupakua marekebisho kutoka kwenye mtandao geimu haitachezeka sawasawa. Marekebisho yenyewe yalikuwa makubwa kiasi kwamba alinunua bando mara tatu. Alipomaliza, geimu ikawa inakwama katikati ya mchezo na wateja wakadai hela yao. Akapanda gari kurudi Mwanjelwa. Aliyemuuzia akamjibu kwamba CD ikishafunguliwa hairudishwi.

Baadaye akapata habari kwamba kulikuwa na mtu wa nne aliyezitaja dosari hizo zote siku ileile geimu ilipotoka. Alipoitafuta video ya huyo mtu wa nne alikuta kiza, na maandishi kwamba video imeondolewa kwa sababu ya madai ya hakimiliki.

Basi kijana yule akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo limenikaa kichwani. "Mzee, mtu akisema kitu ni kibovu, anakuwa ameiba nini?"

Mvua ilipokatika nilimwaga nikamwambia nitamjibu redioni. Ndilo jibu lenyewe hili.

Kwanza tuielewe kazi ya huyu mhakiki wa geimu. Anayehakiki kitabu ananukuu mistari michache na maneno mengine yote ni yake. Mtangazaji wa mpira wa redioni hahitaji hata picha moja. Mdomo wake unatosha. Lakini anayehakiki geimu hawezi kukwambia kwamba mchezaji anazama ardhini kama jiwe, au kwamba mpira unapita katikati ya mlingoti wa goli, bila kukuonyesha. Lazima aicheze, arekodi yanayotokea kwenye kioo, na aseme juu yake. Na kila kinachoonekana kwenye kioo hicho, tangu uso wa mchezaji hadi muziki na majani ya mti, kimechorwa na kampuni, na kisheria ni mali yake. Hivyo mkosoaji anafanya kazi yake akiwa amesimama juu ya kiwanja cha yule anayemkosoa, na hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia.

Marekani walitunga sheria mwaka 1998 kuhusu hakimiliki katika mambo ya kompyuta na mtandao, na kwa kuwa YouTube ni kampuni ya huko, sheria hiyo ndiyo inayomfikia hata mtu wa Kiwira au Katumba anayeweka video yake humo. Utaratibu wake ni huu. Mwenye mali akipeleka taarifa kwamba video fulani imetumia mali yake bila ruhusa, mwenye mtandao huiondoa kwanza, maana akiiondoa upesi haulizwi yeye mahakamani. Habari ya nani ana haki hufuata baadaye. Aliyeondolewa video hupewa alama ya kosa, na alama tatu zikikutana ndani ya siku 90 chaneli yake yote inaweza kufungwa, pamoja na kazi ya miaka iliyomo.

Sheria ilikusudiwa kuwakamata wezi wa filamu na nyimbo, na wezi hao wapo. Lakini panga la kukatia mgomba humkata pia mtu aliyepita jirani.

Oktoba 2013 Mwingereza mmoja, John Bain, ambaye watazamaji wake walimjua kwa jina la TotalBiscuit, alihakiki geimu iitwayo Day One: Garry's Incident iliyotengenezwa na Wild Games Studio ya Kanada. Kampuni yenyewe ndiyo iliyompa nakala aicheze. Aliicheza, akaona mbovu, akasema mbovu, tena kwa kirefu. Video ikaondolewa kwa madai ya hakimiliki. Angalia hapo, msikilizaji: nakala alipewa kwa mkono wa kulia, na video nyingine nyingi za geimu hiyohiyo ziliachwa zikae mtandaoni. Iliyoondolewa ni ile yake iliyoponda. Bain hakunyamaza, alitengeneza video nyingine kueleza yaliyompata, watu kwa maelfu wakaja juu, na kampuni ikaondoa madai yake. Video ikarudi. Bain alifariki dunia mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 33, na hadi leo kisa chake ndicho kinachotajwa kwanza watu wakizungumzia jambo hili.

Lakini Bain alikuwa na watazamaji zaidi ya milioni moja waliojiandikisha kwake. Mwenye watazamaji 200 angefanyaje?

Sheria inampa njia ya kupinga. Anaandika taarifa ya kujibu madai, na mlalamikaji akishindwa kufungua kesi mahakamani ndani ya siku zipatazo kumi hadi kumi na nne za kazi, video inarudishwa. Kwa maneno ni rahisi. Ila katika taarifa hiyo lazima uweke jina lako halisi, anwani na namba ya simu, navyo hupelekwa kwa kampuni unayogombana nayo. Na kama unaishi nje ya Marekani, lazima ukubali kwa maandishi kwamba ukishtakiwa utakuwa chini ya mamlaka ya mahakama ya Marekani. Mwazie kijana wa Tukuyu ambaye kesi ya mpaka wa shamba kwenye Mahakama ya Mwanzo tu inamnyima usingizi, ndiye aweke sahihi kwamba yuko tayari kwa shauri la California. Wengi wakifika hapo wanafunga simu na kuendelea na mambo mengine.

Wapo waliokwenda hadi mahakamani wakashinda. Mwaka 2014 mhakiki Jim Sterling aliiponda geimu iitwayo The Slaughtering Grounds. Watengenezaji wake, Digital Homicide, walianza kwa kudai hakimiliki, na Machi 2016 wakamfungulia kesi katika mahakama ya shirikisho huko Arizona wakidai fidia ya dola zipatazo milioni 10, ambazo baadaye zilipanda hadi milioni 15. Kana kwamba hiyo haitoshi, mwaka huohuo wakataka kuwashtaki watu 100 wanaotumia duka la geimu la Steam, wengi wao wanunuzi wa kawaida walioandika maoni makali, wakidai dola milioni 18. Hapo Valve, wenye duka, wakaziondoa geimu zote za Digital Homicide wakisema hawafanyi biashara na watu wanaowashtaki wateja wao. Februari 2017 kesi ya Sterling ikafutwa kwa namna ambayo haiwezi kufunguliwa tena.

Katika kesi nyingine, ambayo haikuhusu geimu bali video ya kuchekesha, mahakama ya New York iliamua Agosti 2017 kwamba mtu anayetumia vipande vya kazi ya mwenzake ili aikosoe, akisimamisha na kusema kila mara, ametumia kwa haki. Washtakiwa walikuwa mtu na mkewe wenye chaneli ya h3h3. Wameshinda, ndiyo, lakini baada ya mwaka mzima na zaidi wa kulipa mawakili, na walichangiwa fedha na watazamaji. Ushindi wa namna hiyo una bei ambayo mtu wa kawaida haimudu.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa kijana wa kibanda ni kwamba yule mtu wa nne, kama alionyesha vipande na kusema juu yake, hakuiba kitu. Hata sheria yetu wenyewe, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inaruhusu kunukuu sehemu ya kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, ili mradi iwe kwa kiasi kinachostahili na chanzo kitajwe. Kilichoitwa wizi ni ukosoaji uliovalishwa nguo ya wizi, kwa sababu sheria ya wizi inafanya kazi kwa siku moja, ilhali kesi ya kashfa inachukua miaka na inataka mlalamikaji athibitishe kwamba amechafuliwa jina.

Hata hivyo, msikilizaji, kadiri nilivyofuatilia jambo hili ndivyo nilivyoona kwamba kuondolewa kwa video si ubaya mkubwa kuliko wote. Video ikiondolewa angalau kuna kelele, kuna kiza kwenye kioo na mtu anajua kwamba kuna kilichofichwa. Hebu tumrudie kijana wetu. Hakuponzwa hasa na yule mmoja aliyenyamazishwa. Waliomponza ni wale watatu waliosifu.

Nakala za geimu kabla haijatoka zinagawiwa na kampuni yenyewe. Anayepewa mapema, video yake inatoka siku ya kwanza wakati watu wana hamu. Asiyepewa ananunua dukani, anacheza siku tatu, na anapomaliza watu wameshahamia kwenye jambo jingine. Na chaneli inaishi kwa kutazamwa. Kwa hiyo kampuni haina haja ya kumtisha mtu. Inatosha kumsahau kwenye orodha mara moja.

Kisa kilichowaingiza wengi shimoni ni cha Cyberpunk 2077, geimu ya CD Projekt Red ya Poland. Ilisubiriwa kwa miaka, na watu waliokwisha kuiagiza kabla ya kutoka walifika milioni 8. Wahakiki walipewa mapema nakala za kuchezea kwenye kompyuta, tena kompyuta zenye nguvu, ambako ilikwenda vizuri kiasi. Nakala za PlayStation 4 na Xbox One hawakupewa. Isitoshe, kabla ya siku ya kutoka hawakuruhusiwa kuonyesha picha walizorekodi wenyewe; waliruhusiwa zile tu zilizotolewa na kampuni. Sifa zikamiminika. Desemba 10, 2020 geimu ikatoka, na wenye PlayStation 4 wakakuta sura za watu zisizokamilika, magari yanayoota katikati ya barabara, na mashine zinazozimika zenyewe. Baada ya siku chache wakuu wa kampuni waliomba radhi hadharani kwa kutoionyesha geimu kwenye mashine hizo kabla ya kuiuza. Sony iliiondoa katika duka lake la mtandaoni mwezi huohuo na kuwarudishia watu fedha. Haikurudi dukani hadi Juni 2021. Wenye hisa waliofungua kesi Marekani walimalizana na kampuni kwa dola milioni 1.85.

Kumbuka kwamba PlayStation 4 ndiyo mashine ya vibanda vyetu, pale isipokuwa ya 3. Mwenye kompyuta ya nguvu huko London alionywa mapema kuliko mwenye kibanda hapa, ambaye hana wa kumrudishia fedha na ambaye kila gigabaiti ya marekebisho anailipia kwa bando.

Wakati mwingine hata kusahauliwa hakuhitajiki, mkataba unasema wazi. Warner Bros. ilipotoa Middle-earth: Shadow of Mordor mwaka 2014, watengeneza video mashuhuri walilipwa, kupitia wakala wa matangazo, kuanzia mamia hadi makumi ya maelfu ya dola. Masharti yalikuwa waiseme geimu vizuri na wasionyeshe hitilafu zake. Walitakiwa wataje kwamba wamelipwa, lakini maandishi hayo yaliwekwa chini kabisa, mahali ambapo mtazamaji hayaoni mpaka abonyeze. Video hizo zilitazamwa zaidi ya mara milioni 5.5 kabla Tume ya Biashara ya Marekani haijaibana kampuni hiyo Julai 2016 na kuitaka isirudie.

Na msidhani ni mambo ya zamani. Mei 2024 watengeneza video walioalikwa kujaribu Marvel Rivals, geimu ya NetEase ya China, walikuta katika mkataba kifungu kinachowakataza kusema lolote la kuidharau geimu au kuharibu sifa yake, hata kuilinganisha na nyingine kwa nia mbaya. Mmoja wao, aliyekuwa mchezaji wa kulipwa, akagoma kuweka sahihi na akakitangaza kifungu chenyewe. Kampuni ikaomba radhi ikasema itakirekebisha. Najiuliza ni wangapi walikuwa wameshasaini bila kusoma, au walisoma wakanyamaza kwa sababu walitaka kucheza.

Hapa naomba nitubu kidogo, maana si haki kuwachambua watu wa video kama kwamba sisi wa redio tunaishi mbinguni.

Miaka ya nyuma, katika kituo ambacho sitakitaja, niliandaa maelezo kuhusu bidhaa moja ya mifugo ambayo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa huku walikuwa wakiilalamikia. Nilikuwa nimekwenda mashambani, nimeongea na akina mama saba, na malalamiko yao yalifanana. Siku moja kabla ya kurusha nikaitwa ofisini. Mkubwa wangu hakunikataza. Aliniuliza kwa upole kama najua nani analipia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kisha akasema "lainisha kidogo". Nikalainisha. Wale akina mama saba wakageuka kuwa "baadhi ya wafugaji", na malalamiko yao yakageuka "maoni tofauti". Hakuna aliyenitishia mshahara. Hadi leo mmoja wa wale akina mama tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, ndaga nyingi, na mimi ndiye ninayeharakisha kuondoka.

Kwa hiyo habari ya Jeff Gerstmann niliisoma mara mbili. Mwaka 2007 alikuwa mhariri katika mtandao wa GameSpot, akaipa geimu ya Kane & Lynch alama 6 juu ya 10. Wakati huo kurasa za mtandao huo zilikuwa zimepambwa kwa matangazo ya geimu hiyohiyo. Akafukuzwa kazi. Kwa miaka kadhaa hakuweza kueleza kwa sababu alifungwa na makubaliano ya kutosema; mwaka 2012 ndipo alipoeleza kwamba uongozi ulikuwa umebanwa na kampuni za geimu zilizotishia kuondoa matangazo. Alama 6 juu ya 10, jamani. Darasani hiyo ni kufaulu.

Sasa tuwape makampuni haki yao, maana wanayo. Geimu kubwa inatengenezwa na mamia ya watu kwa miaka mingi. Zipo geimu ambazo ni hadithi tupu, na mtu akiitazama yote kwenye video toka mwanzo hadi mwisho hana sababu tena ya kuinunua. Huko Japani, Septemba 2023, mahakama ya Sendai ilimhukumu mtu kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa kwa miaka mitano pamoja na faini ya yen milioni moja kwa kuweka mtandaoni, ili ajipatie fedha, video za geimu ya hadithi ya Steins;Gate pamoja na filamu za katuni. Huyo si mkosoaji. Anauza uji uliopikwa na mwenzake.

Nintendo nao walishika msimamo mkali kuliko wengi. Kuanzia mwaka 2013 walichukua mapato ya matangazo ya video zilizoonyesha geimu zao. Januari 2015 wakaanzisha mpango ambao mtengeneza video alijiandikisha kwao akapata asilimia 60 ya mapato kwa video moja moja, au 70 kama chaneli nzima ni yao. Sina ugomvi na mtu kudai sehemu yake. Ninachokiona mimi ni kwamba mkosoaji ambaye riziki yake inapita mkononi mwa anayemkosoa anajua kuhesabu. Mpango huo ulifungwa mwishoni mwa 2018, na badala yake wakatoa masharti ya jumla yanayomruhusu mtu kuonyesha na kupata kipato chake bila kujiandikisha.

Kisa cha mwisho kinanipa taabu. Septemba 2017 kampuni ndogo ya Campo Santo iliondoa kwa madai ya hakimiliki video ya PewDiePie, mtengeneza video aliyekuwa na wafuasi wengi kuliko wote wakati ule, iliyoonyesha geimu yao ya Firewatch. Hakuwa ameiponda geimu hiyo. Kosa lake ni kwamba alikuwa ametamka hadharani tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi alipokuwa akicheza geimu nyingine, na wao hawakutaka kazi yao ionekane pamoja naye. Mimi ni mtu mweusi wa Rungwe, na moyo wangu ulifurahi. Kisha nikajiuliza: je, kesho kampuni nyingine ikisema haimtaki mtu fulani kwa sababu aliikosoa, si itatumia mlango huohuo? Sikupata jibu linaloniridhisha, na sitajifanya ninalo.

Huenda kuna msikilizaji anayesema haya ni ya Wazungu na Wajapani, yatuhusu nini. Desemba 2016 mwanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa na kufikishwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Miongoni mwa mashtaka yalikuwamo ya kuzuia uchunguzi wa polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa kutotoa taarifa za watu walioandika tuhuma kuhusu makampuni ya biashara. Kesi zake ziliendelea hadi 2020. Haikuwa geimu, na hakimiliki haikutajwa. Lakini kilichotafutwa kilikuwa jina la aliyesema, na mkumbuke kile nilichoeleza juu ya ile taarifa ya kujibu madai ya hakimiliki: nayo inaanza na jina lako na mahali unapolala.

Na vijana wetu wameanza. Hapa Tukuyu ninawafahamu wawili wanaorekodi mechi zao za kibandani kwa simu na kuziweka mtandaoni wakitangaza kwa Kiswahili, mmoja akichanganya Kinyakyusa pale anapofungwa goli. Wanachekesha kweli. Bado hawajamkera mtu yeyote mkubwa. Nimewaambia mambo mawili kama mzee wao: wakipewa kitu bure waseme mwanzoni kabisa mwa video kwamba wamepewa bure, na wasiweke sahihi kwenye karatasi ambayo hawajaisoma hadi mwisho, hata kama imeandikwa Kiingereza cha mawakili. Wakashukuru, ingawa mmoja wao aliniuliza kama kuna kampuni yoyote inayotoa bure, ampigie.

Jumatano nilipita tena kibandani kumpelekea mwenyewe majibu haya kabla hayajaingia hewani. Nilimkuta ameirudisha ile geimu ya mpira ya zamani, ambayo vijana wanaijua kwa kufumba macho, na mabenchi yamejaa. CD mpya imetundikwa ukutani kwa uzi. Chini yake ameandika kwenye kipande cha boksi kwa kalamu ya wino mzito: inakwama dakika ya 60, bando GB 40, usinunue. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema wenye geimu hawajui Tukuyu iko wapi, kisha akaniomba nisilitaje redioni jina la kibanda chake.